Peremende ya Ofisi ya Kata

Juzi, nikiwa kwenye foleni ya vitambulisho hapa Tunduma, nilimsikia afisa akimuuliza bibi mmoja alizaliwa wapi. Mjukuu aliyemshika mkono akainua uso kumtazama. Mimi nikageukia pembeni.

Nilipokuwa mdogo, bibi yangu naye alisimama na mimi mbele ya meza kama ile, kwenye ofisi ya kata kule Mpemba. Alinukia sabuni ya mche na moshi wa kuni. Nje malori yalikuwa yakipiga honi kuelekea mpakani. Alipoulizwa, alijibu taratibu kwa lafudhi yake ya Kinamwanga, "Nimezaliwa hapa hapa, baba."

Shule ya Jumapili walikuwa wametufundisha kwamba kunyamazia uongo ni dhambi. Nikasema, "Bibi, si uliniambia ulizaliwa ng'ambo, Zambia?"

Afisa akaacha kuandika. Akafunga faili, kisha akanipa peremende kwa kuwa mkweli.

Sikujua kwamba mama yake bibi, kama mabinti wengi wa kwetu wenye mimba ya kwanza, alirudi kujifungulia kwao, na kwao kulikuwa upande wa pili, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu. Bibi aliletwa mgongoni kabla hajaota meno, na hakuondoka tena.

Alikufa bila kitambulisho. Lakini kinachonirudia zaidi ni ile njia ya nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma nikimung'unya. Hakunikaripia. Aliuliza tu, bila kugeuka, "Tamu?"

Nikamjibu kwamba ni tamu sana.