Sheria ya Viatu Dukani kwa Kafiya

Kafiya hakumchukia Waris. Alichochukia ni miguu yake. Waris, mke wa shemeji yake Hamse, aliweza kusimama nyuma ya kaunta ya duka lao la vitambaa pale Kitengela tangu kufungua hadi kufunga, akikunjua magauni ya dira, akipima mapazia, akicheka na wateja kana kwamba mwili wake hauna uzito. Kafiya, ifikapo saa nne asubuhi, alikuwa ameshaanza kuuma meno. Maumivu yalikaa chini ya kitovu, ndani ya nyonga, mahali ambapo mwanamke hapataji mbele za watu. Hayajamwacha tangu amzae Abdiladif, ambaye sasa yuko darasa la kwanza. Akiulizwa, husema, "Ni mgongo tu."

Duka alilianzisha mwenyewe kabla Hamse hajaoa. Sasa mumewe, Muhumed, alikuwa akisema, kwa upole uliomkera kuliko ukali, kwamba Idi inakaribia, na labda kaunta aachiwe Waris, yeye apumzike nyumbani. Kila Muhumed aliposema "apumzike," Kafiya alisikia "aondoke."

Akatafuta kosa kwa Waris, akaliona miguuni. Wateja huvua viatu mlangoni, maana vitambaa hutandazwa zuliani, lakini Waris alikuwa na raba nyeupe zenye soli nene alizozivaa humo dukani tu.

"Waris, hapa watu huvua viatu. Ama wewe ni mgeni wa serikali?"

"Abaayo, dada, hizi hazijawahi guza barabara."

"Zulia halijui hayo."

Waris akavua, akacheka, akauza vilevile. Kafiya, kwa kuwa sheria ilikuwa yake, akalazimika kuacha sandali zake za ndani pia. Akawa anasimama kwa soksi kutwa nzima, juu ya zulia jembamba lililotandikwa kwenye saruji. Maumivu yakazidi.

Alipokwenda hospitali, vipimo vya mkojo na picha za tumbo havikuonyesha kitu. Daktari akamtuma kwa Nzisa, mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

"Vua soksi," Nzisa akasema.

"Dadangu, mguu hauumi."

"Najua. Nivulie tu, halafu usimame na wa kushoto pekee."

Kafiya akasimama. Unyayo ukalala upande wa ndani, goti likaufuata, nyonga ikashuka. Akazuia pumzi.

"Unabana hapo chini, sivyo?"

Uso wake ukapata moto. Hakuna aliyewahi kupataja mahali hapo kama anayetaja kiwiko.

"Si kila mwenye uchungu huu shida yake iko mguuni," Nzisa akasema. "Lakini wako unalala, na misuli ya nyonga inakazana kukushikilia. Haipumziki. Kazini unasimama na viatu gani?"

"Soksi."

"Nani alikukataza viatu?"

Kafiya akatazama ukutani. "Ni mimi."

Akapewa mazoezi ya kuinua visigino, akafundishwa kupumua huku akilegeza alipozoea kubana, na akaambiwa anunue raba zinazoshika unyayo. Ingechukua miezi.

Siku Muhumed aliyopanga kuamua habari ya kaunta, Kafiya aliingia dukani na raba mpya miguuni. Waris alikuwa peku, akipanga mashuka.

"Vaa zako," Kafiya akamwambia.

"Haiya! Kumbe leo zulia limejua?"

Kafiya alikaribia kugeuka arudi nyumbani. Badala yake akasema, "Si mgongo, Waris. Ni huku chini. Miaka yote hii ni huku."

Kicheko kikakatika. "Na mimi nikadhani hunipendi tu."

"Hiyo pia ni kweli."

Muhumed alipofika, Kafiya hakumngoja aanze. "Asubuhi ni mimi, mchana ni Waris. Kupumzika nyumbani siendi. Niko na kiti hapo nyuma."

Muhumed akamgeukia Waris, labda akitarajia apinge.

"Si umemsikia mwenye duka?" Waris akasema, akifunga kamba za raba.

Mchana huo Kafiya alikaa kwenye kiti chake, akisikiliza. Mteja kutoka Isinya alikuwa amekuja kuuliza bei ya pazia moja, na Waris, kwa sauti yake ile ya asali, akawa anamfungia la tatu. Wivu ukamchoma Kafiya kama kawaida, na safari hii akahisi ulikoingilia: alikuwa amebana. Akatoa pumzi, akalegeza, kama alivyofundishwa. Waris akacheka na mteja. Kafiya akabana tena. Akaanza upya.