Shoki ya Kushoto

Juzi asubuhi nilikuwa nakanda unga kwenye kibanda changu hapa Nakuru, nikasikia mlio ulionifanya niache mikono ndani ya karai. Fundi wa pikipiki aliye jirani yangu alikuwa amelaza kioo cha dirisha juu ya meza, na juu ya kioo anaviringisha bomba la chuma kwa kiganja. Ta. Ta. Ta. Bomba lililonyooka haliongei, linapita kimya kama maji. Lililopinda hugonga kioo kila likizunguka, na fundi hulisikia kabla ya kuliona. Mteja mmoja akaniambia chapati inaungua. Ilikuwa inaungua kweli. Mimi nilikuwa Mau Narok, nina miaka tisa, na kiwiko changu kinaniwasha ndani ya sweta.

Nililelewa na shosho, mama ya mama yangu, kwenye shamba la viazi lililopakana na ngano ya watu wakubwa. Nyumbani tulikuwa watatu: shosho, mimi, na mjomba, mtoto wake wa mwisho, ambaye alikuwa na pikipiki ya kubebea maziwa. Kila alfajiri alipita boma kwa boma akikusanya maziwa ya majirani, akayapeleka kituoni kule sokoni. Shule zikifungwa nilikwenda naye. Nilikaa katikati, mikebe miwili huku na miwili kule, na kazi yangu ilikuwa kukandamiza vifuniko tukifika penye mashimo. Aliniita kondakta.

Wewe kama ulikulia huko juu unaujua ukungu wa Agosti. Unatoka nje na huoni choo kiko wapi. Shosho alinitilia viazi viwili vya moto mifukoni, vilivyotoka kwenye jivu, na maagizo yalikuwa yale yale: kwanza vikupashe mikono, halafu ule. Nilisikia mikebe ikigongana, mbwa wa kila boma nikimjua kwa sauti, na kwa jirani mmoja tulipewa chai ya maziwa yaliyokamuliwa dakika hiyo hiyo, ina povu bado. Mimi nilikuwa mtoto wa kuinamisha kichwa. Darasani mwalimu akiniuliza swali nilijibu nikiitazama meza. Lakini juu ya ile pikipiki nilikuwa mtu mwingine, niliwapungia watu mkono kabla hawajanipungia.

Shosho hakuipenda. Hakuwahi kuiita pikipiki, alisema "hicho chuma." Alikubali iingie kwake kwa sharti moja, na sharti hilo alilitangaza mbele ya majirani siku ilipoletwa ili pasiwe na wa kusahau: siku chuma hicho kitamwaga damu ya mtu wa nyumba hii, hakitalala hapa tena. Na shosho hakuwa wa kutisha bure. Aliwahi kuwa na ng'ombe mzuri, wa kujaza ndoo, na ng'ombe huyo alipompiga teke mtoto wa jirani mara ya pili, aliuzwa kabla ya jioni.

Basi Jumatano moja kondoo alitoka ndani ya ukungu. Sijui alikuwa wa nani. Mjomba alimkwepa, gurudumu la mbele likaingia mtaroni na kugonga jiwe, na mimi nikajikuta kwenye majani, mkebe mmoja umelala kando yangu unatapika maziwa. Kondoo alisimama akitutazama. Mjomba alikuja mbio, akanigeuza huku na huku kama mtu anayechagua kabichi. Hakuna kilichovunjika, ila kiwiko kilikuwa kimechunika na damu inatiririka hadi kidoleni. Maji hayakuwepo. Akaniosha kwa maziwa yaliyobaki kwenye mkebe, na nikayaona yakianguka chini yana rangi ya waridi. Kisha akachuchumaa mbele yangu na kusema shosho asijue. Hakunitisha. Aliniomba, na hilo lilikuwa baya zaidi, kwa sababu mtu mzima hakuwa ameniomba kitu kabla ya hapo. Nilijua akikosa pikipiki atarudi kubeba magunia kwenye mashamba ya ngano, anaondoka kabla hujamuona na kurudi hana maneno. Nikaitikia kwa kichwa.

Nyumbani alisema kituo kilikataa maziwa ya mkebe mmoja. Mimi nilisema nina baridi, nikalala na sweta.

Siku zilizofuata nilijifunza jinsi maziwa yanavyochacha ndani ya sufu. Shosho alinusa hewa jikoni na kuuliza ni nani amemwaga maziwa, akainua vyungu kimoja baada ya kingine akitafuta. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nakoroga uji, naukoroga tu hata ulipokwisha kuiva. Kidonda kilikuwa kimeshikana na sweta. Kila nikinyoosha mkono kilinivuta.

Kesho yake ya ajali, Alhamisi, shosho alipokwenda mkutano wa akina mama wa kanisa, mjomba aliisukuma pikipiki nyuma ya stoo ya viazi ili tuinyooshe. Aliweka gurudumu la mbele katikati ya nguzo mbili za zizi, akalegeza nati za juu, akashika usukani na kuuzungusha kwa nguvu zote hadi zizi likalia. Akakaza. Halafu akaleta ile kamba ya kupandia viazi. Tuliinyoosha kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele, mimi nimeshika mwisho. Upande wa kulia kamba iligusa tairi vizuri. Upande wa kushoto palibaki nafasi ya kuingiza kidole. Alilegeza tena, akazungusha, akakaza. Kidole bado kiliingia. Mara ya tatu alijifuta jasho, akaniambia barabara yenyewe haijanyooka, sembuse pikipiki, na akakunja kamba.

Alizoea. Hilo ndilo lililoniogopesha. Aliendesha usukani ukitazama kulia ili pikipiki iende mbele, na baada ya siku mbili hakuona tena kama ni ajabu. Vijana wa stegi, pale bodaboda zinaposubiri abiria, walimcheka kuwa pikipiki yake inakimbia kama mbwa, kichwa huku mkia kule, na wakamuuliza kama abiria analipia pande zote mbili. Yeye alicheka nao. Mimi niliangalia matope nyuma yetu. Pikipiki nzima huacha mstari mmoja. Yetu iliacha miwili.

Kisha ikafika Jumanne, siku ya shosho ya kliniki. Alikuwa na presha, na kila mwezi alikwenda Nakuru kuchukua dawa. Mjomba ndiye aliyempeleka hadi lami akapande gari, na kufika lami lazima ushuke mteremko wa mawe wenye kona tatu, bonde likiwa upande wa kushoto. Lori la viazi lilishawahi kutumbukia bondeni humo. Na pikipiki yetu ilikuwa inavuta kushoto.

Shosho alitoka amevaa koti lake la kanisani na kitambaa kichwani, anatembea kwa fimbo. Mjomba alisema leo barabara ni mbaya. Shosho akamjibu kuwa barabara hiyo ni mbaya tangu aolewe. Mjomba akasema labda mafuta hayatoshi. Shosho aligonga tangi kwa kidole, akatega sikio kama anayegonga mlango wa mgonjwa, akasema limeshiba. Akapanda upande upande, miguu yote kushoto, jinsi wazee wanavyokaa, akamshika mjomba kiunoni.

Mjomba aliwasha. Akanitazama mara moja tu, na katika macho yake sikuona kama ananiambia ninyamaze au niseme. Mpaka leo sijui. Nilisimama mbele ya gurudumu. Mdomo haukufunguka. Nilijaribu kusema, moshi unanipanda usoni, na shosho anauliza huyu mtoto ana nini leo. Basi nikavuta mkono wa sweta juu. Nilivuta kwa nguvu kwa sababu nilijua nikivuta polepole nitaacha. Kidonda kikabanduka na sufu, na damu ikaanza upya, mbele yake, mpaka kwenye kifundo cha mkono.

"Shosho, imepinda," nikasema. "Tulianguka."

Mjomba akazima.

Shosho alishuka bila kushikwa. Alikichukua kiwiko akakiangalia kwa muda mrefu, akanusa mkono wa sweta, na nikajua kwamba sasa ameyapata maziwa yake.

"Lini?"

"Jumatano," mjomba akasema.

"Siku sita nimekaa na nyinyi mezani."

Aliniosha kwa maji ya chumvi, akanifunga kwa kitambaa alichokitoa kichwani mwake, kisha akamwambia mjomba asukume. Asiwashe, asukume. Kliniki aliiacha. Tulitembea hadi sokoni, yeye mbele na fimbo, mjomba katikati anatoka jasho, mimi nyuma. Kila aliyetuuliza tunakwenda wapi, shosho alimjibu kuwa tunampeleka mgonjwa hospitali. Watu walicheka. Sisi hatukucheka.

Fundi wa sokoni alikuwa mzee mfupi mwenye mikono myeusi ya grisi. Aliinama mbele ya pikipiki, akafumba jicho moja, akauliza ni nani aliyeinyoosha. Mjomba akasema ni yeye. "Wewe ulinyoosha usukani," fundi akasema. "Ugonjwa uko mguuni, umetibu kofia." Akatoa gurudumu, akachomoa shoki za mbele, zile nguzo mbili zinazoshika gurudumu, akamwaga mafuta yake na kuchukua mabomba yaliyo ndani. Akaliviringisha la kulia juu ya kioo. Kimya. Akaliviringisha la kushoto. Ta. Ta. Ta. Shosho alifumba macho akisikiliza. Fundi alieleza kuwa mteremkoni, shosho akiwa juu, lingeweza kupinda zaidi na kuligusisha gurudumu kwenye injini. Hakueleza baadaye kungetokea nini.

Alilifunga bomba kwa mnyororo kwenye chuma kizito, akaweka jeki ya lori chini yake, akaipandisha kidogo, akasubiri, akaishusha, akarudi kwenye kioo. Ta. Ta. Akatuonya kuwa likipasuka ni la kutupwa, na kwamba chuma hakipendi kuharakishwa. Alirudia, sikumbuki mara ngapi. Mimi nilihesabu milio na kuomba ipungue. Ilipofika mahali bomba lilipita kioo kizima bila neno, mjomba aliketi chini palepale kwenye mchanga.

Walipoirudisha pikipiki, fundi alimwaga ndoo ya maji barabarani na kumwambia mjomba apite juu yake polepole. Shosho aliinama na fimbo yake akauchunguza ule mstari. Ulikuwa mmoja.

Hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu sharti la shosho lilikuwa bado halijatimizwa. Mjomba aliizima, akasimama mikono nyuma kama mtoto wa shule. Shosho alisema alitamka neno na neno hilo majirani walilisikia, lakini maziwa ya majirani hao hao hayatatembea yenyewe. Chuma kitabeba maziwa. Kitambeba na yeye akienda kliniki. Kisha akanielekezea fimbo. "Huyu, hapana. Hata kama ni hapo kwa jirani."

Tukarudi kwa miguu, mimi na yeye, akiwa ameushika mkono wangu mzima. Nilikuwa nimeiokoa pikipiki na nimeipoteza. Asubuhi zilizofuata nilikaa jikoni nikisikia mikebe ikiondoka bila mimi, nikaifuata kwa masikio boma kwa boma kwa kubweka kwa mbwa, na sikushika kazi yoyote hadi niliposikia ikirudi. Mjomba hakunikasirikia. Lakini hakuniita kondakta tena.

Shosho hayupo siku hizi. Shamba liligawanywa, zizi likawa kuni, na maziwa huchukuliwa na pikapu inayopiga honi njiani, watu wakitoka na mitungi ya plastiki. Ule mteremko umewekwa lami na kona moja imeondolewa. Watoto wa huko hawajui kwamba kuna kitu kilikuwa cha kuogopwa pale. Mimi nilimaliza darasa la nane nikashuka mjini, na mjomba yuko Mai Mahiu, anaziba tairi za malori. Hunipigia Jumapili, tunacheka, ananiuliza kama chapati zinatoka, namuuliza kama mgongo umepona.

Kuna swali moja ambalo kila mara linafika ulimini na nalirudisha. Asubuhi ile injini ilikuwa inanguruma, shosho amemshika kiunoni, na mguu wa mjomba ulikuwa tayari kwenye gia. Nilikuwa nikiutazama huo mguu. Sijamuuliza kama angeibonyeza na kuondoka naye nisingesema, na yeye hajaniambia, na simu huisha hivyo hivyo, kila mmoja akimsubiri mwenzake akate kwanza.