Mvua ya Kompyuta kwenye Jabia la Shangazi

Mvua ya kwanza niliyoitengeneza ilikuwa mbaya mpaka ikanitia kichefuchefu. Ilishuka kwenye skrini kama tambi zilizomwagwa, nyuzi zote unene mmoja na mwendo mmoja, na chini yake watu wamesimama wakavu kabisa, vivuli vyao vyeusi vya jua la mchana vimewalalia miguuni. Nikaifuta, nikaenda kunawa uso.

Kazi yangu ni video za harusi, upande wa wanawake. Hapa Amu, mji wa Lamu, mwanamume haingii na kamera ndani anakopambwa bibi harusi, kwa hiyo sisi wachache tunaoijua kazi hii hatukai bure. Nilizoea kung'arisha hina na kulainisha nyuso, na kumtoa kwenye picha shangazi wa bwana harusi aliyepita akitafuna. Mvua sikuwahi kuombwa. Bibi harusi gani anataka mvua?

Aliyeitaka ni bwana mmoja wa mradi wa maji, mtu wa suruali ya pasi na marashi yanayofika kabla yake. Mradi wao ulikuwa umejenga upya jabia la kijiji cha shangazi yangu, kule kisiwa cha Pate, ukipita Chundwa. Jabia ni tangi kubwa la kuchimbiwa ardhini, na ubavuni mwake kuna sakafu pana ya saruji. Mvua hupiga sakafu, maji hutelemka yakaingia kwenye mdomo wa tangi, na hayo ndiyo watu wanayokunywa mpaka mvua nyingine. Kazi ilikuwa imekwisha, akasema, lakini masika yamechelewa na wafadhili wanadai filamu.

"Mfadhili hawezi kutazama saruji kavu," akaniambia. "Tuwekee mvua, maji yaingie kwenye tangi, watu wafurahi."

Nikamuuliza kama huo si uongo. Akatabasamu vile watu wa semina wanavyotabasamu. "Itanyesha tu, dada. Sisi tunaiwahisha."

Neno hilo lilinikera, lakini nikaikubali kazi. Shangazi ndiye aliyenilea kila shule zikifungwa, na nilijua wanachokunywa tangu jabia la zamani lipasuke. Ni maji ya kisima cha chumvi, ya rangi ya njano, yenye harufu ya tope la mikokoni. Unayachuja kwa kitambaa, na kitambaa kile ukikitazama baadaye hutatamani chai. Kama jabia limepona, basi na waonyeshwe wafadhili hata mvua ya karatasi.

Ila nilipozifungua picha zenyewe nikakasirika upya. Katikati ya wanawake wa watu, midomo imewakauka, bwana yule amesimama na chupa yake ya maji ya dukani, anapiga funda, anafunga kifuniko, anapiga funda tena. Klipu nzima. Nilimkata kabla sijaanza kitu kingine chochote.

Nikaanza kujifunza mtandaoni. Masomo yote yalikuwa ya miji mikubwa, lami nyeusi na taa za maduka zinazong'aa kwenye madimbwi, na kijana mmoja anayesema kila kitu ni rahisi. Kwa lami ni rahisi. Mimi nilikuwa na saruji nyeupe, mbuzi, na jua kali. Hata hivyo nilijifunza. Nilijifunza kwamba mvua si moja: kuna ya mbali, laini kama vumbi, kuna ya katikati, na kuna matone machache makubwa ya karibu na kamera yanayopita haraka bila kuonekana vizuri. Nilijifunza kwamba mbele ya mbingu nyeupe mvua haionekani, huonekana mbele ya kitu cheusi, ukuta au mtu aliyevaa buibui. Nikaliua jua, nikavifuta vivuli kimoja kimoja, nikatia rangi ya wingu. Wale waliokuwa wamejikinga macho kwa mikono kwa sababu ya jua, sasa wakawa wanajikinga na mvua. Hilo lilinichekesha peke yangu chumbani.

Bado haikukubali. Ukiitazama unajua ni uongo, na nilikaa sana kabla ya kutambua kwa nini. Jicho haliamini mvua iliyo hewani. Linaamini chini: pale saruji inapoanza madoadoa, kisha inakuwa nyeusi, kisha maji yanakusanyika na kufuata ndia yake, njia ya mteremko. Hiyo ndia sikuijua. Nikapanda boti ya Pate na kamera yangu, nikapige picha ya maji yanavyotembea juu ya sakafu ile hasa.

Shangazi alinipokea kwa furaha, akanichotea ndoo ya maji ya kisima. Sakafu ilikuwa inang'aa. Wanawake walikuwa wakiifagia kila asubuhi, kwa sababu mavi ya ndege na ya mbuzi yakilala pale utayanywa. Nikaisimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu, nikamwaga ndoo pembeni kabisa, upande wa juu.

Maji yalitanuka kidogo, yakasita, halafu yakaanza kutelemka. Yakaupa mgongo mdomo wa jabia. Yakaenda upande wa pili, yakavuka ukingo, yakaingia kwenye zizi la mbuzi.

Nikamtazama shangazi. Yeye akayatazama maji.

"Mai ya kwanza hutupwa, mwanangu," akasema polepole. "Labda hiyo ndio ndia yake."

Ni kweli, kwetu mvua ya kwanza haiingizwi jabiani. Mdomo wa tangi huzibwa kwa matambara, sakafu ioshwe na uchafu wa kiangazi uende zake, ndipo hufunguliwa. Kwa hiyo kila aliyeona ule mteremko alidhani ni ufundi mpya wa kutupa maji ya kwanza. Nilimwaga ndoo ya pili kutoka kona nyingine. Mbuzi wakasogea wakainywa. Wala haikuwa miujiza. Fundi waliyemleta alikuwa fundi wa nyumba, na sakafu ya baraza huilaza nje ili maji yasikuingilie ndani. Alijenga baraza. Baraza kubwa, safi, lenye shimo kavu ubavuni.

Nilimpigia yule bwana nikiwa palepale, kiatu kimelowa maji ya chumvi na mikojo ya mbuzi. Nikamweleza. Hakuniuliza yanakwenda wapi wala kwa nini, nikajua kwamba anajua.

"Dada, ujenzi umekabidhiwa," akasema. "Filamu ikipokewa, tunafunga mradi."

"Na ukifungwa, nani atarudi kuitengeneza sakafu?"

"Hiyo si idara yako."

Basi nikaelewa kwamba filamu yangu ndiyo itakayowafungia maji. Wakiiona mvua yangu imeingia tangini, hakuna atakayerudi, na masika yatapita juu ya vichwa vya shangazi na wenzake hivihivi.

Nikarudi Amu, nikaimaliza. Wallahi ilikuwa nzuri. Matone yaliruka kwenye saruji, kanga zilikuwa nzito kwa maji, ukungu ulikaa kwenye minazi ya nyuma. Na maji nikayapeleka kulekule yanakokwenda, kwa kufuata picha ya ndoo hatua kwa hatua, mpaka zizini. Nikamtumia.

Akapiga simu anacheka. "Mvua safi sana. Ila maji umeyapeleka nje."

"Ndiko yanakokwenda."

"Basi yageuze. Si kompyuta tu?"

Na ni kweli, kwenye kompyuta ni jambo dogo. Ungegeuza tabaka moja tu la picha, na jabia lingejaa mpaka likafurika. Hilo ndilo lililonitia kinyaa kuliko yote. Sakafu ya kweli hawakutaka kuigusa, lakini ya uongo walitaka inyooke. Nilimwambia atafute mwingine. Akampata siku hiyohiyo, na filamu iliyotoka ilikuwa na mvua ya tambi kama ile yangu ya kwanza, inanyesha hata chini ya paa la msikiti, na maji ya buluu, ya buluu kabisa, yanamiminika tangini. Watu wakaisifu mtandaoni. Mashaallah, mashaallah, na vijipicha vya mikono ya kupiga makofi chini yake, mpaka kidole kikachoka kupandisha skrini.

Masika yalipokuja shangazi alinitumia klipu aliyopigiwa na jirani. Mvua hasa, ya kukata upepo. Watoto wamelowa chapachapa wanakinga masufuria ukingoni, wengine wanachota kutoka zizini, na maji yenyewe yamekuwa kahawia kwa mavi ya mbuzi. Mdomo wa jabia uko wazi na hakiingii kitu. Nikaipeleka kwa yule bwana bila neno lolote. Akajibu kwa maandishi: "Hii ni nzuri zaidi. Ikate pale maji yanapoanza kutoka, tutaitumia kwenye ripoti."

Nilikuwa bado nimeishika simu mkononi, natamani kuitapikia, shangazi akapiga.

"Yule bwana ameiona?"

"Ameiona, shangazi."

"Alhamdulillahi. Basi watakuya." Nikamsikia akigeuka, akiwaambia wenzake waiweke chini mitaimbo. Walikuwa wametaka kuivunja ile saruji ya chini wayageuze maji wenyewe, lakini waliona haya, kwa kuwa ni kitu cha watu, na kitu cha kupewa hukivunji.

"Shangazi," nikamwambia, "hawaji. Wanataka niwakatie mvua tu. Vunjeni."

Mvua ilisikika nyuma yake, nzito, ikipotea bure.

"Na upande wa mbuzi tutazuia na nini?"

"Si kuna ubao wa bati wa mradi pale mbele, wenye majina ya wafadhili? Ung'oeni muuzibie."

Akaenda kuutazama.

"Ni mrefu," akasema. "Utatosha." Kisha akawaita wenzake, akaikata simu.