Seng'enge ya Mzee Shigela

Kwa miaka thelathini na ushee, mtu yeyote wa Igalula aliyetaka kujenga zizi aliambiwa neno moja tu: nenda kwa Shigela. Akishajenga Shigela, ng'ombe hatoki na fisi haingii. Alihamia hapa kutoka Igunga akiwa kijana, ana ng'ombe wake na maneno yake mengi. Ng'ombe waliisha, mmoja kwa ukame, mwingine kwa mahari, mwingine kwa karo ya shule, lakini maneno hayakuisha. Yalianza kupungua mwaka jana, punda wake alipokufa.

Asubuhi hii mzee alikuwa anang'oa seng'enge yake mwenyewe. Goti lilikuwa linauma, kiuno kinauma, hata vidole vya kushikia koleo vinauma, na misumari aliyoipigilia enzi za nguvu zake haikuwa na huruma na uzee wa mtu. Aling'oa mmoja, akapumzika. Aling'oa mwingine, akapumzika zaidi.

Upande wa pili wa uwanja, mkwewe Rustika, mke wa mwanawe Lugembe, alikuwa anachagua mabanzi, yale maganda ya magogo yanayobaki mbao zikishapasuliwa. Alipitisha kiganja juu ya kila banzi, taratibu, na alipokuta ncha aliisugua kwa tupa mpaka ikalainika. Ungedhani anamtengenezea bibi harusi kitanda. Punda jike mpya alikuwa amehifadhiwa kwa jirani, na jirani alishasema mara mbili kwamba uwanja wake si stesheni, kwa hiyo uzio ulipaswa kuisha leo.

Habari ya uzio walikuwa wameizungumza wiki nzima, kama mkwe na baba mkwe wanavyozungumza, yaani mmoja anatazama chini na mwingine anatazama mlango.

"Baba, safari hii tusiweke seng'enge," Rustika alikuwa ameanza.

"Basi tuweke miiba, kama zamani."

"Punda anapenda kujisugua shingo, baba. Miiba itamchoma."

"Tupande minyaa."

"Utomvu wake ukimwingia machoni atapofuka. Na minyaa yenyewe ataitafuna tu, punda hakai bila kutafuna."

"Basi tumzungushie mito ya kulalia!"

Rustika alisubiri kwanza hasira ya mzee ipoe. Kisha akasema wangetumia mabanzi, yafike usawa wa kifua cha punda, tena wayapigilie kwa upande wa ndani wa nguzo. Punda akiegemea, banzi linakaa kwenye nguzo. Likiwa upande wa nje, uzito wake unang'oa misumari.

Neno hilo lilimkera Shigela kwa kuwa lilikuwa la kweli. Maisha yake yote alipigilia kwa nje. Aliyejenga zizi Usukumani alikuwa anamfikiria fisi, fisi yuko nje, na ubora wote wa kazi ulitazama huko. Aliyemo ndani hakuna aliyemfikiria. Ng'ombe akiguswa na seng'enge hurudi nyuma, hilo tu ndilo alilolijua Shigela kuhusu mnyama na waya, na alilijua vizuri mno.

Punda wa kwanza alikuwa anaitwa Meneja, maana hakukubali kuanza kazi kabla jua halijapanda. Alikuwa anabeba maji na kuvuta magunia kutoka stesheni, na nyumba nzima ilikula kwa mgongo wake. Siku moja alasiri mbwa wawili walipenya uani. Meneja alishtuka, na punda akishtuka haendi nyuma. Aliivamia seng'enge, mguu ukanasa, naye badala ya kusimama akavuta. Alivuta mpaka mfupa ukaonekana. Shigela alikuwa peke yake nyumbani, amesimama mlangoni, na aliona kila kitu.

Rustika aliporudi kutoka shambani na kuni kichwani, baba mkwe wake alikuwa ameshakata waya na kumtoa punda. Majirani walipofika, mguu ulikuwa umefungwa kitambaa. Wakauliza imekuwaje.

"Kamba," alisema Shigela. "Ile kamba aliyofungiwa asubuhi."

Na kila mtu alijua kwamba anayemfunga punda asubuhi ni Rustika.

Siku ya tisa taya za Meneja zilikaza, akakakamaa mwili mzima, pepopunda ikamwua. Watu walitoa pole, na baada ya pole wakatoa maoni. Rustika alikuwa wa Ulyankulu, ambako babu zake walipewa mashamba walipotoka Burundi, na maoni yakawa hayo: watu wa Ulyankulu ni wakulima, mnyama watamjulia wapi? Shigela alisikia. Alikohoa, akatazama pembeni.

Tangu hapo Rustika alibeba maji kwa kichwa. Lugembe alikuwa kwenye tumbaku kule Urambo, na aliporudi kusalimia alimgombeza mkewe kwa ajili ya kamba. Rustika akachukua ndoo, akaenda kuchota maji. Shigela alikuwa chumba cha pili, amelala macho wazi. Uchovu wake ulianzia pale. Goti na kiuno vilikuja kudandia tu.

Jua lilikuwa limepanda wakati mtu mmoja wa hapo kijijini, Jilala, alipoingia uwanjani. Alikuwa mwanaume wa makamo, mwenye sauti ya kuita ng'ombe hata anaposalimia.

"Mwangaluka, mzee! Shikamoo."

"Marahaba, Jilala. Karibu."

"Mzee, na mimi nimepata punda. Nataka unijengee uzio kama huu wako wa zamani. Na hii seng'enge unayoing'oa, naiomba yote." Aliinama akaanza kuikunja. Kisha akamtupia jicho Rustika, akacheka kidogo. "Ila mimi kamba sitamfunga. Nisije nikapatwa na yaliyowapata ninyi."

Tupa ilinyamaza. Rustika hakuinua kichwa.

Shigela angeweza kusema waya una kutu, wala isingekuwa uongo. Angeweza kusema amechoka, na hapo angekuwa mkweli kuliko siku zote. Alimtazama Jilala anavyokunja ile seng'enge kwa furaha, na mawazoni akamwona punda wa watu, ambaye hajakosa lolote.

"Iache, Jilala," alisema. "Haikuwa kamba."

"Unasemaje?"

"Meneja hakukatwa na kamba. Alikatwa na hiyo unayoikunja. Mimi nilikuwa nimesimama pale mlangoni, naona. Habari ya kamba niliitunga mimi."

Jilala aliiweka seng'enge chini polepole. Aliangalia viatu vyake, akaangalia mbingu, akasema basi mzee, acha nikatafute mabanzi na mimi. Akaondoka bila kuaga vizuri. Kabla ya adhuhuri, habari ingekuwa imeshafika sokoni.

Shigela alibaki na koleo mkononi. Alitaka kuomba radhi, lakini hakujua baba mkwe anaiombaje.

"Nilijua, baba," alisema Rustika, macho yakiwa kwenye banzi.

"Ulijuaje?"

"Siku ile ulipoingia ndani kutafuta kitambaa, nilikuta manyoya na kipande cha ngozi kwenye waya. Nikavitoa. Damu nikaiosha, kabla majirani hawajafika."

"Ukaiosha? Kwa nini, mwanangu?"

"Wangekucheka, baba. Wewe ndiye fundi wao."

Mzee Shigela alijisikia aibu kubwa kuliko umri wake wote. Akakaa chini palepale kwenye mavumbi, akalia kwa sauti kama mtu aliyefiwa.

Rustika hakumtazama, kwa sababu mkwe hamtazami baba mkwe akilia. Alimpa kisogo, akachukua nyundo, akaanza kupigilia banzi la kwanza, kwa nguvu zaidi kuliko ilivyohitajika, ili majirani wasimsikie.