Debe la Baba Mkwe

Admin, nifichie jina kabisa, maana mawifi zangu wote wamo humu na macho wanayo. Nina miaka ishirini na saba, nimeolewa Busale huku Kyela, nina binti wa miaka mitatu. Mume wangu ni dereva wa malori, nyumbani anapita kama mgeni.

Mwaka jana niliugua mafua makali na homa. Nikaambiwa ni virusi, vitaondoka vyenyewe. Viliondoka kweli, lakini havikuondoka mikono mitupu. Nikawa nachoka hata kupepeta mchele, moyo unaenda mbio nimekaa, ngozi imekuwa nyeusi kama nimepakwa masizi, kutwa natamani chumvi. Mawifi wakasema mimba. Mimba haikuonekana, wakasema uvivu.

Daktari wa Mbeya ndiye aliyeniambia ukweli. "Mama, hii hutokea kwa nadra sana. Virusi vimeuacha moyo wako dhaifu, na tezi zilizo juu ya figo hazitoi tena homoni ya kutosha. Vidonge utameza maisha yote. Na usikae peke yako. Ukianguka, mtu akuchome sindano hii pajani hapo hapo, ndipo mkimbie hospitali." Akamfundisha mama mkwe kuchoma.

Sasa mama mkwe anashinda shambani kwenye mpunga. Anayebaki nyumbani ni baba mkwe, ana mguu mbovu. Na kwetu Wanyakyusa, kwenye familia inayoshika mila kama hii, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Tangu niolewe sijamtazama usoni. Akitaka kupita uani anakohoa, mimi nakimbilia migombani na khanga kichwani. Mlioko mjini msinicheke. Ni mzee mwema, mzee wa kanisa. Akiletewa samaki kutoka Matema, kipande kinono anamtuma binti yangu aniletee: "Mpe mama yako, mwambie ndaga, asante, kwa chakula cha jana."

Mwezi uliopita nilianguka jikoni. Nasikia kila kitu, mkono hauinuki. Binti yangu akalia, "Babu, mama amelala chini." Mzee akaja mpaka ukutani, akasimama nje, akaanza kupiga debe na kuita watu. Watu wote wako mashambani. Sindano iko mezani, palepale. Alipiga debe mpaka mama mkwe akasikia huko aliko, akaja mbio. Aliponichoma nilikuwa nimeshakata tamaa.

Nilipopata nguvu nikamuuliza mama mkwe kwa nini mzee hakuingia. Akanijibu, "Mwanangu, angekushika paja, mngeishije tena nyumba moja?" Mume wangu naye kwenye simu: "Nitamwambiaje baba jambo hilo? Jitahidi usianguke." Jamani, kuanguka nako kunajitahidiwa? Nikasema basi nirudi kwetu. Akasema niende, mtoto abaki. Nikabaki.

Tangu siku ile mzee amebuni njia yake. Anapiga debe nyuma ya jiko, mimi napiga sufuria kumjibu kwamba nipo. Ndiyo kazi yetu kutwa. Juzi nilipitiwa na usingizi, sikujibu. Nikashtuka, naona vidole vya miguu yake kwenye kizingiti na ncha ya fimbo. Kwa mara ya kwanza akanisemesha, taratibu: "Mwanangu, piga sufuria. Nakuomba upige." Mguu haukuvuka. Nikapiga. Akageuka akaenda zake, nikamsikia analia.

Nimeshindwa kumchukia. Yeye naye amefungwa kama mimi. Nikimwomba kwamba siku nikianguka tena aingie anichome, nimemvunjia heshima mbele ya ukoo na kanisa lake. Nisipomwomba, nitakufa naye amesimama mlangoni. Nishaurini, hasa wazee wa Kinyakyusa mliomo humu: nianze mimi kumwita ndani, au niendelee kupiga sufuria mpaka siku mkono utakapokataa? Nitasoma maoni yenu yote. Ngoja kwanza nijibu, debe linalia.