Inchi Tatu za Mama

Mama alikuwa ameanika mpunga uani kwake, Ngonga, wingu likatanda kutoka upande wa ziwa. Kyela mvua haisubiri mtu amalize. Akainama haraka, akashika debe lililokuwa nusu, akaliinua. Alisikia kitu kikikatika mgongoni kama kijiti kikavu, akakaa chini pale pale. Mvua ikamkuta ameketi juu ya turubai, mpunga unalowa, naye hawezi kuinuka.

Kaka yangu, anayeishi ng'ambo ya migomba ya mama, ndiye aliyembeba ndani. Mimi nilipigiwa simu mjini, kwenye chumba changu cha ushonaji. Nilipofika na bajaji nilimkuta amelala ubavu, uso umeelekea ukutani.

"Ugonile, mama," nikamsalimu.

Aliitikia bila kugeuka. Kisha akasema, "Umeanza kama ule wa mdogo wangu."

Mama mdogo alifariki kwa saratani iliyoanzia kwenye titi ikahamia mifupani. Naye alianza kulalamika mgongo. Mama ndiye aliyemuuguza mpaka siku ya mwisho, akimgeuza kitandani kama mtoto mchanga. Kwa hiyo aliposema vile nilimvutia shuka mabegani. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshawaza hivyo hivyo njia nzima.

Kwa wiki tatu alikataa hospitali. Alimeza vidonge vya maumivu, akachuliwa mgongo na mke wa kaka, akazidi kujikunja. Kila nilipomsihi alinijibu jambo moja: "Nikienda wataniambia. Nikikaa hapa, sijaambiwa."

Jumamosi moja aliwaita wakwe zake wawili, wake wa kaka zangu, akawagawia vitenge vyake, vile vizuri vya kanisani. Halafu akashika fimbo, akanipeleka polepole mpaka kwenye migomba, karibu na kaburi la baba. "Mimi mtaniweka hapa," akasema, akionyesha kwa fimbo. "Upande huu, maji hayatuami."

Nilishikwa na hasira ambayo sikuitegemea. "Mama, sichimbi kaburi la mtu ambaye hajapimwa."

"Una maneno mabaya wewe," akasema. Lakini Jumatatu asubuhi nilimkuta amevaa, ameketi kwenye kigoda mlangoni, ananingoja.

Hospitalini daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya chini. Alimwamkia mama shikamoo, akamsaidia kupanda kitandani, akaanza kuuliza maswali ambayo sikuona yanahusiana vipi na mgongo. Hedhi ilikoma akiwa na miaka mingapi? Mama akasema arobaini na mitatu, au karibu na hapo. Amewahi kuvunjika? Mkono, miaka minne nyuma, alipoteleza kwenye tuta la jaruba la mpunga. Sisi tulilaumu utelezi, hatukulaumu mfupa. Mama yake mzazi mgongo ulikuwaje?

"Alipinda," mama akasema. "Mwishoni alikuwa anatazama miguu yake tu."

"Na wewe, bibi, umepungua urefu?"

"Hapana. Niko vile vile."

Hapo nikaingilia. Nguo zote za mama nashona mimi, na daftari la vipimo lilikuwa mkobani. Nililifungua nikatafuta kurasa zake. Gauni la miaka kumi na miwili iliyopita, bega mpaka chini kwa mbele, inchi hamsini na mbili. La Pasaka iliyopita, arobaini na tisa. Kila mwaka pindo la mbele lilikuwa likiburuta na la nyuma likipanda, nami nilikata, nikarekebisha, nikamwambia aache kuvaa ndala. Nilikuwa nimeandika ugonjwa wa mama yangu kwa mkono wangu mwenyewe, mwaka hadi mwaka, bila kuusoma. Nilisema hivyo kwa daktari.

"Usijilaumu," akasema. "Wengi hawaji hata na hicho kipimo."

Mama akapigwa eksirei na kutolewa damu. Tukaambiwa turudi Ijumaa. Zile siku nne sikushona kitu cha maana. Niliweka mkono wa kushoto penye wa kulia kwenye blauzi ya watu.

Ijumaa daktari aliinua picha kwenye mwanga. Pingili mbili za mgongo zilikuwa zimebonyea, kama boksi lililokaliwa. "Sijaona dalili ya saratani, kwenye picha wala kwenye damu," akasema. "Mifupa imekonda, ndani imekuwa na matundu matundu. Inawapata watu wengi wa umri huu, hasa wanawake hedhi ikishakoma, na ikikoma mapema ndiyo zaidi. Wanaume nao wanapata."

Mama akauliza, "Kwa hiyo ni uzee?"

"Uzee umo. Lakini ni ugonjwa, bibi, na una dawa."

"Siyo ule wa mdogo wangu."

"Siyo ule."

Mama akajifuta uso kwa ncha ya khanga. "Ndaga fijo," akamshukuru. Kisha akanigeukia. "Nina njaa."

Tulikaa kwenye mgahawa nje ya geti, akala chapati tatu na supu, akanywa chai vikombe viwili. Sikumbuki kama mimi nilikula. Nakumbuka nilimtazama tu akitafuna, na mabega yangu yakashuka taratibu, wakati sikujua kama yalikuwa yamepanda.

Jioni hiyo hiyo aliwaagiza wakwe zake warudishe vitenge. Mmoja alikuwa ameshashona kimoja. Mama akasema sawa, abaki nacho hicho, lakini vingine viletwe.

Kidonge chake ni kimoja kwa wiki, kabla ya kula chochote, kwa glasi nzima ya maji, na asilale kwa nusu saa. Alichagua Jumapili, ili akishakimeza awe amesimama akijiandaa kwenda kanisani. Anakula usipa, wale dagaa wetu wa ziwani, na mifupa yao, ingawa inabidi awatwange kwa sababu ya meno. Debe haliinui tena. Maumivu yalichukua miezi kupungua, na mgongo haukunyooka. Lakini anatembea mpaka barabarani na kurudi, bila kushikwa.

Kabla hatujaondoka siku ile ya majibu daktari aliniuliza na mimi umri wangu. Nilimwambia hamsini na sita, na kwamba nilitolewa kizazi pamoja na vifuko vya mayai nikiwa na arobaini na mmoja. Akaniandikia nikapime mifupa nitakapopata nafasi. Nafasi niliipata nilipokwenda Dar es Salaam kwenye harusi ya mpwa wangu. Nililala chali kwenye mashine, mkono wake ukapita juu yangu bila kunigusa. Mifupa yako imeanza kupungua, wakaniambia, lakini haijafika kwenye ugonjwa. Ukitembea na kula vizuri utaichelewesha.

Nikampigia mama nikiwa bado kwenye ngazi za hospitali.

"Wamesemaje?" akauliza kabla ya salamu.

"Imeanza tu, mama. Haijafika."

Nikasikia kuku wake nyuma ya simu. "Basi rudi," akasema. "Huku wameshaanza kupanda mpunga, na kaka yako hanisikilizi."