Vichupa Sita vya Mama Taufiki

Mwaka aliozaliwa Evarista, ukungu wa Ntobeye ulikuwa mzito mpaka tukaukata kwa panga na kujengea zizi la mbuzi. Usicheke, zizi lile lilisimama hadi kiangazi. Mtoto alizaliwa humo ukunguni, mikono iliyompokea ni hii yangu, na hakulia. Alikaa kimya, macho wazi, kama anayesikiliza kitu cha mbali. Jua lilipotoka na ukungu ukapanda mlimani, ndipo akatoa sauti. Nikamwambia mama yake, Jovina, kwamba huyu ni mtu wa baridi.

Jovina alikuwa mtunza shimo wa kitongoji chetu. Ndizi za pombe sisi tunazivundika. Unachimba shimo, unalipasha moto, unapanga ndizi juu ya majani, unafukia. Kila asubuhi Jovina alipenyeza mkono hadi kwenye kiwiko, akafumba macho, akasema, "Limepoa," nasi tukaongeza moto. Evarista alikuwa akimuuliza, "Mama, hilo joto ni ngapi?"

"Joto halina ngapi. Joto ni joto."

Mwaka mmoja Jovina alishikwa na homa, kila alichogusa akakiona baridi. Tukaongeza moto, tukaongeza tena, shimo zima la ndizi likaoza siku mbili kabla ya harusi ya kaka yake. Evarista hakusahau harufu ile. Nadhani ndiyo iliyompeleka kusomea uuguzi.

Siku hizi yuko Nyakanazi, kwenye kliniki ndogo nyuma ya maegesho ya malori. Mimi nimehamia hapo kwa binti yangu anayeuza chakula stendi, na kwa kuwa benchi la kliniki lina kivuli, nashinda pale. Mara moja kwa mwezi huja Daktari Philbert kutoka Mwanza, kuwachoma wake wa wafanyabiashara dawa ya kulainisha makunyanzi. Dawa yenyewe inakaa kwenye vichupa vidogo kama vya wanja, na vichupa vinakaa kwenye friji jeupe ambalo Evarista analiangalia kama watu wengine wanavyoangalia mtoto aliyelala.

Humo ndani haingii soda wala mboga. Vichupa havikai mlangoni wala havigusi ukuta wa nyuma. Katikati yao kipo kipimajoto, na Evarista anakisoma asubuhi na jioni, anaandika kwenye daftari. Mbili hadi nane, aliniambia. Chini ya mbili ni hatari, juu ya nane ni hatari.

"Na ikiganda?"

"Ikiganda imekufa, Bibi. Hata ikiyeyuka na kung'aa kama maji, imekufa."

Mwezi mmoja vichupa vilikuwa sita, vyote vya Sharifa, yaani Mama Taufiki wa duka la vitenge. Mwanawe alikuwa anaoa Jumamosi, na mama wa bibi harusi, watu walisema, ana uso laini kama sahani. Daktari alikuwa aje Jumatano. Alikwisha kumwambia Evarista waziwazi: kichupa kimoja kikiharibika, utatafuta kazi nyingine.

Jumanne saa tatu asubuhi Evarista alikwenda stendi kupokea mzigo wa sindano. Akanifungia pazia jua lisinipige, akasema, "Bibi Recho, mtu akija mwambie asubiri. Friji usilifungue."

Basi likachelewa. Mchana wa Nyakanazi una usingizi wake. Vumbi la malori linaelea, sauti zinakuja kama kutoka chini ya maji. Nikasinzia, nikamwona Jovina, marehemu, amekaa kando ya shimo, ananiita. "Recho, limebadilika." Nikaamka. Shimo halikuwepo. Lilikuwepo friji.

Nililifungua. Nikapenyeza mkono hadi kwenye kiwiko, nikafumba macho kama Jovina. Sasa mimi ni mtu wa Ntobeye, niliyelalia ukungu na kujifunika ukungu. Baridi ile kwangu ilikuwa uvuguvugu wa chai iliyosahauliwa. Nikaona kabisa kwamba dawa ya mtoto wangu inaoza. Shimo likipoa unaongeza moto. Friji likipata joto unaongeza baridi. Ndani palikuwa na kitufe cha kuzungusha, nikakizungusha hadi kikagoma. Na kwa kuwa nilikuwa na kikombe changu cha mtindi, nikakiegemeza ukutani kwa nyuma. Nikarudi kulala kwa amani.

Saa kumi jioni Evarista aliingia, akafungua friji, akasimama. Akatoa kikombe changu. Akakipindua. Mtindi haukumwagika.

"Bibi."

"Lilikuwa na joto, mwanangu. Nililipima."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa kiwiko."

Akakaa sakafuni. Kipimajoto kile kina kumbukumbu. Ukikibonyeza kinakuonyesha baridi kubwa kuliko zote iliyopita. Kilisema tatu chini ya sifuri. Akavitoa vichupa, akaviinua dirishani kimoja kimoja. Vilikuwa safi, vinametameta kama umande.

Nikamwonyesha kijitufe cha pembeni mwa kipimajoto. "Hiki si ndicho cha kukisahaulisha? Kibonyeze. Nani atajua?"

Alikitazama muda mrefu. Lori lilipita, kioo cha dirisha kikatetemeka, naye bado anakitazama. Mwisho akasema, "Mama alijua zile ndizi zimeoza. Aliwaambia watu wote kabla hawajafika na vibuyu vyao." Akavitia vichupa kwenye mfuko, akaandika juu yake ISITUMIKE, akaurudisha frijini peke yake pembeni, kitufe cha friji akakirudisha mahali pake.

Jumatano Daktari Philbert alikuta Mama Taufiki ameshakaa kitini, uso ameshaupaka dawa ya ganzi mwenyewe huko nyumbani. Evarista akamwambia mbele yake. Daktari akavishika vichupa.

"Mbona ni vizima?"

"Viliganda, Daktari."

"Nani aliligusa friji?"

Evarista akainamia daftari lake. Basi nikasimama mimi. "Shikamoo sitaki leo. Ni mimi."

Daktari akacheka. "Bibi, mwezi uliopita uliniambia fisi alikuja hapa kupima presha."

"Ya fisi ilikuwa ya uongo. Hii ni ya kweli."

"Unamfichia mjukuu wako."

Ona taabu hiyo. Maisha yangu yote nimesadikiwa uongo, siku moja nasema kweli nakataliwa. Evarista akampa kipimajoto. Kisha akafungua boksi la barafu, akatoa kikombe changu alichokuwa amekihifadhi humo. Daktari akakigonga kwa kalamu: ngo, ngo. Akampigia simu aliyemuuzia dawa. Sauti ya upande wa pili tuliisikia wote: iliyoganda haichomwi mtu.

Mama Taufiki aliinuka, ganzi ikiwa imemteka midomo. "Kwa hiyo Jumamoshi naenda na uso huu?"

"Ndiyo, Mama," alisema Evarista. "Ndio mzima tulio nao."

Aliondoka bila kuaga. Daktari alitazama daftari la joto, kurasa za miezi yote, asubuhi na jioni, bila pengo. Akalifunga taratibu, akasema atanunua friji lenye kufuli, na ufunguo utakaa kwa Evarista. Kuhusu kazi nyingine hakusema kitu.

Harusini Mama Taufiki alicheka mpaka makunyanzi yake yote yakatoka kucheza. Wakati huo mama wa bibi harusi alikaa na sahani yake, haijulikani amefurahi au amefiwa. Hilo nalo unaweza kuliamini au kuliacha.

Ila hili nililiona kwa macho yangu. Mwezi uliofuata Mama Taufiki alirudi, akanipita benchini bila salamu, akakaa kitini. Daktari alipoinua sindano, akamzuia mkono.

"Evarista, mwanangu. Leo ni ngapi?"

Evarista akainama, akasoma. "Nne, Mama."

Akafumba macho. "Haya, choma."